Tumbo la Zamu

Jumanne ilikuwa zamu ya Leitangi kupika. Siku hiyo walichelewa kutoka banda la kuchambulia nyanya kwa sababu lori la mwisho lilikuja jua likizama, kwa hiyo aliteleka wali kabla hata ya kuvua viatu, akafungua makopo ya samaki, akasimama mbele ya jiko mkono mmoja ukiwa kiunoni. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Bowen, mbali kaskazini mwa Brisbane, ng'ambo ya reli. Walilala humo wanawake wanane, wote wa visiwa vya Vanuatu, wengi wao wa kisiwa cha Tongoa, juu ya vitanda vya ghorofa. Mlangoni mwa friji palibandikwa ratiba ya kupika na ratiba ya kuoga, maana bila hizo, wanawake wanane na bomba moja la maji ya moto wangetoana macho.

Mama Evelin alikuwa mezani akimenya vitunguu. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, na hata wale waliozidiwa naye umri kidogo tu walimwita mama. Alimtazama Leitangi, akaweka kisu chini.

"Umechoka wewe," akasema. "Lete hilo tumbo nikushikie, ukaoge kwanza."

Leitangi akamsogelea, akamwinamia kama mtu anayekabidhi kikapu. Matumbo yakagusana, tumbo likahama. Mama Evelin akajiweka sawa kitini, akasema ni zito kuliko linavyoonekana, akaendelea na vitunguu vyake. Leitangi akaenda bafuni, akasugua vidole vya miguu bila kuhema, akarudi kupakua chakula. Walipomaliza kula akalichukua tumbo lake, akapanda kitandani.

Hakuna aliyeuliza mambo hayo yanawezekanaje. Kwao mtoto hubebwa na yeyote mwenye mkono mtupu, na dada wote wa mama ni mama, huyu mkubwa, yule mdogo, na wote wana ruhusa ya kuchapa na kulisha. Kwamba jambo hilo lingesubiri mpaka mtoto azaliwe, hilo ndilo wasingelielewa.

Mimba hiyo Leitangi alitoka nayo nyumbani bila kujua. Alitapika melini kutoka Tongoa hadi Vila, mji mkuu, akasingizia bahari; akatapika ndegeni, akasingizia ndege. Alipotapika kando ya mkanda wa kuchambulia nyanya, hakuwa tena na cha kusingizia. Na kurudi hakuweza. Kimbunga kilikuwa kimeng'oa paa la nyumba yao lote, na mume wake, Kalo, alikuwa akilala chini ya turubai pamoja na mama yake mzazi na mtoto wao wa kwanza. Mkataba wa Leitangi ulikuwa wa miezi tisa. Miezi tisa ndiyo ingeleta mabati na saruji. Pungufu ya hapo ni turubai tena, na msimu wa mvua haukuwa mbali.

Wote waliijua habari ya Sherol, binti wa kisiwa cha Emae, aliyeonekana na tumbo msimu uliopita. Hakufukuzwa. Wakala aliyewaleta hafukuzi mja mzito, kwani ni kosa kisheria, na wakala huyo alikuwa mtu wa kufuata sheria. Sherol alishauriwa. Walikuja na maua na karatasi ya kurudi nyumbani kwa hiari, wakamshauri kwa upole asubuhi, wakamshauri kwa upole jioni, mpaka akashaurika. Walimsindikiza hadi uwanja wa ndege na kumbebea begi. Tangu hapo jina lake halijaitwa tena kwa msimu wowote.

Kwa hiyo mlangoni mwa friji ikabandikwa ratiba ya tatu. Aliiandika Merilyn, dada yake Kalo, kwa kalamu ya kijani iliyotumika kuandika juu ya maboksi. Kila mmoja alipewa zamu yake ya kwenda na tumbo kazini, ili msimamizi asilione mahali pamoja hadi likamkaa akilini. Merilyn, kama wifi yeyote anayejua haki zake, hakuacha kumsema Leitangi.

"Wifi, mwanao ananipiga mateke kama kaka yangu akishalewa kava," alimwambia siku ya zamu yake. "Huyu hatuna haja ya kupima. Ni wetu."

"Kama ni wenu mbona ana akili?" Leitangi akamjibu. "Mlaze ubavu wa kushoto, wa kulia hapendi."

Msimamizi wa banda aliitwa Garth. Alikuwa mtu mwema, mwenye ngozi isiyopatana na jua, na alipita kando ya mkanda akitazama mikono kuliko watu. Hata hivyo tumbo huvuta jicho. Jumatatu alimwona Merilyn amevimba, Jumanne Merilyn akawa bapa na Mama Evelin ndiye aliyevimba, Jumatano ikawa mwingine. Akauliza kama wanaumwa. Wakamwambia ni zile tambi za pakiti wanazokula usiku, zinajaza gesi. Garth aliamini, kwa kuwa naye zilimjaza, na wiki hiyo kantini ikaanza kuwapa kachumbari bure.

Leitangi alikuwa na furaha siku hizo. Alifanya kazi mwili ukiwa mwepesi, mkono wake ukawa wa haraka kuliko yote katika mstari, na mabati yalianza kufika Tongoa kwa meli, machache machache. Jioni alimfuata aliyelibeba tumbo, akakaa miguuni pake, akamwimbia mtoto nyimbo za kulimia viazi vikuu. Aliyelibeba aliendelea na shughuli zake, akichati au akisuka nywele.

Jumapili moja baada ya kanisa wakaitwa wote kantini. Bi Deidre alikuja na projekta, chai na biskuti. Alikuwa ofisa ustawi wa wakala, mama wa watu mwenye huruma ya kweli, aliyejifunza kuwasalimu kwa lugha yao na aliyejua majina ya watoto wao wote. Siku hiyo alikuja kuwaeleza haki za mwanamke mja mzito na mzazi mpya. Wanawake walikaa mstari wa mbele katika yale magauni yao mapana ya kanisani, yenye riboni na lesi mikononi. Ndani ya gauni la namna hiyo angeweza kujificha hata mbuzi. Tumbo lilikuwa kwa Mama Evelin, aliyekuwa akisinzia.

Leitangi aliinua mkono. Akasema ana rafiki.

Bi Deidre hakushangaa. Katika kazi yake kila mwanamke alikuwa na rafiki. Aliuliza huyo rafiki amekuja kwa mkataba gani. Leitangi akasema wa msimu, miezi tisa. Bi Deidre akavuta kiti, akakaa karibu naye, akamweleza polepole, akisimama kila mara kuhakikisha ameelewa. Rafiki yako hawezi kufukuzwa kwa sababu ya mimba, hiyo ni haki yake kabisa. Anaweza kuomba kazi nyepesi, ikiwapo. Anaweza kuchukua likizo ya uzazi na kazi yake ikamngoja, akishatimiza mwaka kazini. Bima aliyokatiwa inalipia kujifungua, nayo akishatimiza mwaka. Serikali inawapa wazazi posho nzuri sana ya mtoto mchanga, ila ni kwa wenye ukaazi. Hospitali haiwezi kumkataa, watampokea vizuri tu, na baadaye watamtumia bili ya gharama zote kwa posta.

Leitangi alihesabu kichwani. Mkataba wa miezi tisa, na haki za mwaka mmoja. Kila msimu ukiisha unarudishwa nyumbani, na ukija tena unaanza kuhesabiwa upya. Aliuliza rafiki yake atafikaje mwaka.

"Kwa kweli hawezi," Bi Deidre akasema. Macho yake yalilowa. "Lakini ni muhimu azijue haki zake."

Kisha, ili kuwachangamsha, maana alipenda kuwaacha watu wakiwa na moyo, akamgeukia mwanamke aliyekaa mwisho wa benchi. "Mwenye bahati hapa ni Rosina. Yeye ni wa mkataba mrefu, huu mwaka wake wa tatu. Bima imekomaa, likizo anayo, na kampuni itamlipa wiki zote atakazokuwa nyumbani. Rosina, kumbe wewe ndiye wa kuzaa."

Wengine walicheka kwa adabu. Rosina hakucheka. Merilyn alimtazama Leitangi, Leitangi akamtazama Mama Evelin, na Mama Evelin akafumbua macho.

Bibi yake Rosina na bibi yake Leitangi walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo Rosina alikuwa dada mkubwa, na kwa mtoto angekuwa mama mkubwa. Alikuwa mwanamke mkimya, wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono mizuri. Mume wake, Abel, alimrudisha kwao miaka mingi nyuma kwa kuwa hakuzaa. Alichukua mkataba mrefu kwa sababu hakuwa na mtu wa kumkimbilia nyumbani.

Usiku huo jikoni walilizungumza. Halikuwa jambo gumu. Tumbo lingekaa kwa Rosina siku za kliniki na siku ya kujifungua, bima ingelipa, hospitali isingemdai mtu, na Leitangi angemaliza mkataba wake paa likikamilika. Mtoto wangemlea wote. Leitangi aliuliza jambo moja tu, kwamba je, kwenye karatasi itakuwaje.

"Karatasi ni yao wazungu," Mama Evelin akamjibu. "Wewe ulizaliwa na mama yako, na ukanyonya kwangu mimi hapa alipougua. Kuna karatasi inayosema hivyo? Na umekufa?"

"Mimi nitamtoa tu, mdogo wangu," Rosina akasema, akiangalia meza. "Kunyonyesha ni kwako."

Hapo ndipo walipokosea, na wasingeweza kukosea vingine. Kwao mama si nafasi ya mtu mmoja. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna mahali neno hilo limewekewa kisanduku kimoja, kidogo, chenye kutosha jina moja.

Rosina akaenda kliniki na tumbo. Kadi ikaandikwa jina lake. Alipowekewa mashine na kuusikia moyo wa mtoto ukidunda, alilia, akaomba ruhusa ya kurekodi ile sauti kwenye simu yake. Daktari akaandika kwamba kwa umri wake asinyanyue vizito, na kampuni, iliyokuwa kampuni ya kufuata sheria, ikampa kazi nyepesi ya kubandika lebo, akiwa amekaa. Walimpa kiti chenye mto. Kiti hicho hakikuwa cha kuazimana, kwa sababu kilikuwa na jina lake nyuma. Ikaonekana ni busara tumbo likae pale kilipo kiti. Ratiba ya tatu ikabanduliwa.

Leitangi akawa analipata Jumapili, baada ya kanisa hadi jioni. Alilisubiri wiki nzima. Jumamosi alilala mapema ili kesho ifike upesi. Akilipata, aliingia nalo kitandani, akavuta pazia, akazungumza na mtoto juu ya baba yake, juu ya kaka yake anayeogopa bata, juu ya paa. Kisha Jumapili moja Rosina akasema mtoto amelala, tusimsumbue. Jumapili iliyofuata akasema amechoka na safari ya kanisani. Leitangi aliona wivu. Wivu mbichi, wa kuchoma kifuani, na aliuonea aibu, maana huwezi kumwonea wivu dada yako kwa kukubebea mzigo.

Jumapili ya tatu alimfuata Rosina uani, alikokuwa akianika nguo.

"Dada, naomba mwanangu."

"Chukua," Rosina akasema. Akaweka kibanio chini, akamwinamia.

Matumbo yakagusana. Tumbo halikuhama. Walijaribu wakiwa wamesimama, wakajaribu wakiwa wamekaa. Merilyn alisukuma kwa nyuma. Mama Evelin akaitwa, akawashika wote wawili mabega, akapapasa, akasema mtoto amekuwa mkubwa, hapiti tena, kama kochi lililoingizwa chumbani kabla fremu ya mlango haijajengwa. Hakukuwa na wa kulaumiwa. Rosina aliomba radhi, na radhi yake ilikuwa ya kweli. Kisha akachukua kibanio akaendelea kuanika, mkono wa kushoto ukiwa umelala juu ya tumbo. Leitangi aliuona ule mkono, na akajua kwamba Rosina hajui kuwa umelala pale.

Tumbo lilikaa kwa Rosina, lakini uchungu ulibaki kwa mwenyewe. Ulimshika Leitangi Alhamisi asubuhi akiwa kwenye mkanda. Alishika chuma kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akaendelea kuchambua, mbivu huku, mbichi kule. Wakati huo Rosina alikuwa ameshapelekwa hospitali kwa sababu daktari alipanga iwe siku hiyo. Baadaye alisimulia kwamba hakusikia maumivu hata kidogo; walimletea jeli nyekundu akaila, akatazama televisheni kipindi cha watu wanaonunua nyumba. Manesi walisema hawajawahi kuona mzazi mtulivu vile. Garth alimwona Leitangi akitokwa jasho, akamwambia akae nje kivulini kwa dakika kumi na anywe maji. Alikaa. Alipiga ukelele mmoja akiwa ameuma kitambaa cha kichwa, watoto waliokuwa wakicheza kando ya reli wakageuka, kisha uchungu ukaisha. Dakika kumi zilikatwa kwenye saa yake ya chakula. Alirudi ndani. Kule hospitali alizaliwa mtoto wa kike.

Jioni walikwenda hospitali wote na maua, lakini walikubaliwa kuingia wawili wawili. Nesi akamuuliza Leitangi ni nani kwa mgonjwa. Leitangi akasema yeye ni mama wa mtoto. Nesi akatazama bangili ya karatasi kwenye mguu wa mtoto, akatazama ile ya Rosina, zikafanana. Mama Evelin akaingilia kati, akaeleza kwa utaratibu kwamba mama wako wengi, huyu ndiye aliyeshika mimba, yule ndiye aliyezaa, na yeye mwenyewe alilibeba tumbo kwa takriban mwezi ukijumlisha. Nesi alisikiliza hadi mwisho. Alisema hiyo ni mila nzuri sana, anatamani na wao wangekuwa nayo. Kisha akasema kisanduku kina nafasi ya jina moja na limeshaandikwa.

Leitangi alimpokea mtoto, akamnyonyesha. Maziwa yalikuja mara moja na mtoto akayapokea bila kutafuta, kama mtu anayemalizia mazungumzo. Rosina aligeuza uso upande wa dirisha. Saa ya wageni ikaisha.

Nyumba ya wafanyakazi haikuruhusu watoto, kwa sababu ya hatari ya moto. Hilo lilikuwa sharti la bima ya nyumba, si roho mbaya ya mtu. Likizo ya Rosina ilikuwa imeanza, malipo yake yalikuwa yameingia, tiketi yake ya kwenda nyumbani na kurudi ilikuwa tayari, na ya mtoto pia, bure, akae mapajani mwa mama yake. Ndege ilikuwa ya wiki ileile.

Leitangi alikwenda kwa Bi Deidre ofisini, akamweleza yote tangu mwanzo, wali, vitunguu, ratiba, kiti. Bi Deidre hakuinua nyusi.

"Nakuamini," akasema. "Nimeona mengi katika kazi hii. Sasa tutazame una haki gani."

Wakatazama pamoja. Kuacha mkataba katikati anaweza, hakuna atakayemzuia. Nauli atakatwa, na msimu mwingine hataitwa. Likizo ya kujifungua inataka barua ya daktari, na daktari alishampa Rosina. Likizo ya kumwangalia ndugu wa karibu ipo, ila kompyuta haimhesabu mtoto wa dada kuwa ndugu wa karibu. Leitangi akasema huyu si mtoto wa dada. Bi Deidre akasema anajua, na akamshika mkono. Kisha akakumbuka jambo, uso ukang'aa kidogo. Pale bandani kipo chumba cha kunyonyeshea. Kina kiti cha kubembea, friji na kitasa cha ndani, na hajawahi kukitumia mtu. Kila mama anayenyonyesha ana haki nacho kamili, na Garth haruhusiwi hata kubisha hodi.

"Kwa hiyo nitakitumia," Leitangi akasema.

"Mtoto wako atakuwa wapi?"

"Tongoa."

Bi Deidre alitafuta kwenye karatasi zake kwa muda mrefu. Alitafuta kwa nia njema. Mwisho akasema pole.

Rosina aliondoka asubuhi, gari la wakala likimngoja nje na injini ikinguruma. Walimwimbia mlangoni, kama ilivyo desturi, wakampaka poda nywelani. Alimpa Leitangi mtoto amnyonyeshe mara ya mwisho, akasimama kando akishika kamba za begi. Leitangi alitaka kukimbia naye. Aliwaza kuvuka reli, lakini ng'ambo ya reli hakumjua mtu, na nyuma yake kulikuwa na turubai. Akamrudisha.

"Nitamwambia kila siku jina lako," Rosina akasema.

"Mwambie na kazi yangu," Leitangi akamjibu. Merilyn, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, akachukua begi akalipeleka garini.

Mabati ya mwisho yalifika Tongoa mwezi uliofuata. Kalo alimpigia simu kwa video kutoka juu ya kilima, kunakopatikana mtandao, akamwonyesha paa jekundu likimetameta. Alikuwa amenenepa kidogo kwa furaha. Leitangi akasema amwonyeshe mtoto. Kalo akasema mtoto yuko mzima, jana tu alimbeba, anakuja hapa karibu kila siku na mama yake. Akajisahihisha. "Na Rosina," akasema. Akaendelea upesi upesi: Rosina naye Mungu amemkumbuka, Abel kasikia habari, kaja na nguruwe wawili na mkeka kuomba msamaha, wamerudiana, anamchongea mtoto kitanda. Kanisani Rosina amepewa benchi la mbele pamoja na wenye watoto. Wazee wamefurahi. Ofisi ya kampuni imeshapiga simu mara mbili kuhakikisha mama na mtoto wanaendelea vizuri, maana mama akionekana hana mtoto, likizo inafutwa na malipo yanarudishwa.

"Lakini ukirudi si utakuwa naye?" Kalo akasema. "Tuko hapa hapa. Mtoto kuwa na mama wawili, tatizo liko wapi?"

Ni maneno ambayo Leitangi mwenyewe angemwambia mtu mwingine. Alitafuta tatizo liko wapi ili amwonyeshe, akakosa neno la kwao la kulitaja. Akasema paa ni zuri. Kalo akasema sasa kilichobaki ni tangi la maji, wakimwita msimu ujao asikatae.

Maziwa hayakukauka. Yalikuja mtoto alipolia, na mtoto alilia saa za Tongoa, ambazo hazikufuata mapumziko ya banda. Wanawake walizizoea. Mama Evelin alitazama kifua cha Leitangi kabla ya kutazama saa ya ukutani, akasema mtoto kaamka, au leo kachelewa, Rosina kampeleka kuoga. Wote walijua lini ana mafua. Leitangi alikunja vitambaa ndani ya nguo, vikalowa, akakunja vingine, vikalowa. Maziwa yalipita kwenye shati yakadondoka juu ya maboksi, na katoni ikilowa hulegea pembeni.

Shehena moja ikarudishwa kutoka Brisbane. Garth aliwaita wote kwenye mstari, akauliza maji yanatoka wapi. Leitangi akamwambia si maji. Akamweleza. Garth alisikiliza akiwa ameshika kofia yake, akasema mke wake naye alipata shida hiyo kwa mtoto wao wa pili, ni kitu kinachouma sana, na alimpa pole kwa moyo wake wote. Akaenda ofisini, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa na aproni mpya ya plastiki, nene, ya rangi ya bluu, inayofunika kutoka shingoni hadi magotini. Akamwambia hii hakatwi, ni haki ya mfanyakazi kupewa kifaa cha kumkinga. Leitangi akasaini kwamba ameipokea.

Aliivaa, akafunga kamba nyuma ya kiuno, akarudi kwenye nafasi yake. Mkanda ukawashwa. Mbivu huku, mbichi kule. Saa nne hivi mtoto alilia Tongoa, akalia sana, akalia kwa muda mrefu kuliko siku zote. Maboksi yalibaki makavu.